Muungano wa gildi Albion Online: mwongozo kamili wa hazina, mbiu na mamlaka

Ni nadra adui kuuvunja muungano wa gildi, yaani vikundi vya wachezaji wa mchezo wa mtandaoni. Gildi iliyopokonywa eneo usiku hurudi kesho yake na hasira zake zote. Lakini gildi ambayo watu wake kumi na mmoja wanadai fidia ya wiki tatu huanza kwa kuchelewa kwenye mbiu (wito wa vita), kisha huleta watu sita badala ya ishirini, kisha siku moja mnakuta majina yao yamegeuka mekundu uwanjani, yaani wamekuwa adui. Kwa sababu hiyo mwongozo huu unakaa zaidi kwenye fedha, saa na ruhusa kuliko kwenye vita vyenyewe.

Mfano wetu ni Albion Online, mchezo wa kampuni ya Sandbox Interactive ya Berlin. Tumeuchagua kwa sababu mbili. Kwanza, tangu Juni 2021 unachezwa rasmi hata kwenye simu, kwa hiyo mtu wa Mwanza asiye na kompyuta anaweza kupigana bega kwa bega na mwenye mashine ya bei mbaya. Pili, ukifa kwenye ramani nyeusi (maeneo ambako mchezaji yeyote anaweza kukushambulia) unapoteza ulichovaa na ulichobeba. Kila vita ina gharama inayohesabika, na gharama inayohesabika ndiyo mama wa ugomvi.

Maneno yatakayotumika: mbiu ni wito wa lazima wa kwenda vitani. Nahodha ndiye anayeamrisha kwa sauti. Ngao hutangulia mbele, waganga huponya, wapigaji huua, na wasaidizi hufanya yale ambayo hakuna anayeyashukuru. Nyara ni mali iliyookotwa. Fidia ni zana anazorudishiwa aliyekufa akitii amri.

Kabla ya kuungana: hesabuni watu, acheni majina

Gildi moja ya Albion inaweza kuwa na wachezaji hadi 300. Gildi tatu zikiungana, karatasi inasema 900. Usiku wa mbiu mnakuta 45. Muungano uliopangwa kwa hesabu ya karatasi huchukua maeneo usioweza kuyalinda.

Kwa wiki mbili kabla ya kutia saini chochote, fanyeni mbiu nne za pamoja zisizo na hazina ya pamoja. Kila gildi iandike nani alikuwepo kwenye chaneli ya sauti robo saa baada ya muda uliotangazwa, na alicheza nafasi gani. Kundi moja lina nafasi 20, na mgawanyo wa kuanzia unaofanya kazi ni ngao 4, waganga 4, wasaidizi 3, wapigaji 9. Mkigundua kwamba gildi zote mnazotaka kuungana nazo zinaleta wapigaji watupu, hapo hamjapata muungano, mmepata msiba wenye watu wengi.

Anzeni na gildi tatu. Zaidi ya tano ni shida kuzisikiliza, na mchezo wenyewe hauwapendelei: adhabu inayoitwa Disarray hupunguza nguvu za kundi kadiri linavyokuwa kubwa, kwa hiyo mtu wa 80 hakuongezei alichokuongezea mtu wa 20.

Katiba ya ukurasa mmoja

Katiba ndefu haisomwi, na isiyosomwa hutumiwa tu siku ya kugombana. Ukurasa mmoja unatosha kwa mambo sita: kura, hazina, fidia, mbiu, mikataba na majirani, kuondoka. Sehemu ya kura inaweza kuandikwa hivi, neno kwa neno:

"Kila gildi ina kura moja. Gildi iliyoleta wastani wa watu 20 au zaidi kwa mbiu katika wiki nne zilizopita ina kura ya pili. Hakuna gildi yenye kura zaidi ya mbili. Kura ya kawaida hupita ikipata zaidi ya nusu ya kura zilizopigwa, zikitoka gildi zisizopungua tatu. Kura nzito, yaani kutangaza vita, kupokea au kutoa gildi, na kubadilisha katiba hii, huhitaji theluthi mbili ya kura zote. Upigaji kura hukaa wazi saa 48."

Sharti la gildi tatu lina sababu. Tuseme mna gildi tano, mbili kati yake zina kura mbilimbili: jumla kura saba. Bila sharti hilo, hizo mbili kubwa zina kura nne na zinapitisha kura yoyote ya kawaida bila kuwauliza wengine. Wadogo wakishalijua hilo, wanaacha kuhudhuria vikao, kisha wanaacha kuhudhuria mbiu. Na kwenye kura nzito, kunyamaza kunakuwa sawa na kukataa. Acheni kuwe hivyo, maana vita iliyopitishwa na watu waliolala haipiganwi.

Nahodha apewe mamlaka ya dharura kwa maandishi: vita ikiwa imeanza, anaamua peke yake hadi iishe, na baraza humhoji baadaye. Baraza linalopiga kura katikati ya mapigano limeshapigwa.

Hazina: kufuli tatu

Kila aliyewahi kuwa kwenye kikoba analijua sanduku lenye kufuli tatu, funguo kwa watu watatu tofauti, halifunguliwi mpaka wote wakae mbele ya wanachama. Mchezo hauna sanduku hilo. Silver (fedha ya ndani ya mchezo) na zana hukaa kwenye akaunti na masanduku ya gildi mojawapo, na kiongozi wa gildi hiyo anaweza kuamka na kuondoka na vyote bila kuvunja kufuli yoyote.

Dawa yake ni kugawa hazina mafungu matatu. Gildi A itunze silver ya kununulia zana za fidia. Gildi B itunze zana zilizotengenezwa tayari. Gildi C itunze akiba. Mmoja akisaliti, mmepoteza fungu moja, na mengine mawili yanawavusha hadi mwezi ujao. Mtunza fungu asiwe ndiye anayeidhinisha matumizi yake: maombi ya gildi A yaidhinishwe na mtu wa gildi B, ya B na mtu wa C, ya C na mtu wa A.

Kila Jumapili, watunzaji watatu waweke picha ya salio na ya kumbukumbu ya sanduku kwenye chaneli ambayo kila ofisa anaiona. Picha zionyeshe saa. Wiki ambayo mtunzaji anasema "nitaweka kesho" ndiyo wiki ya kumtembelea.

Mchango wa gildi upimwe kwa idadi ya majina kwenye orodha yake, usipimwe kwa mahudhurio. Mkipima kwa mahudhurio mnawatoza faini wanaokuja. Kwa mfano, silver 30,000 kwa kila jina kwa wiki: gildi yenye majina 120 inalipa 3,600,000. Faida ya pembeni ni kwamba kiongozi atawaondoa haraka waliokwisha kuacha kucheza, maana kila jina lililolala linamla mfukoni.

Na jambo moja lisilo na mjadala: asiingize mtu M-Pesa kwenye hazina. Kuuziana silver kwa pesa halisi nje ya mfumo wa mchezo ni marufuku na akaunti hufungiwa. Mkikutwa hazina yenu inaendeshwa hivyo, mnaweza kupoteza mtunzaji na fungu lake kwa siku moja.

Fidia

Hapa ndipo miungano mingi hufia, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Wekeni seti moja ya zana kwa kila nafasi, kwa jina na daraja, na kikomo cha bei. Tuseme kikomo ni silver 900,000 kwa seti. Mwenye kuvaa ya 2,000,000 ni hiari yake, atafidiwa zana za 900,000. Aliyevaa seti isiyo kwenye orodha halipwi, hata kama alipigana kama simba. Ukimlipa mmoja, mbiu ijayo utakuwa na wapigaji kumi na silaha kumi tofauti.

Dai la fidia liwe na vitu vinne: jina la mchezaji, nafasi yake, tarehe ya mbiu, na kiungo cha kifo chake kwenye ukurasa wa vifo wa Albion. Ukurasa huo uko wazi kwa umma na unaonyesha alikuwa amevaa nini na alikufa saa ngapi, kwa hiyo hakuna haja ya kubishana. Dai liletwe ndani ya saa 24. Mkaguzi aangalie mambo matatu: jina limo kwenye orodha ya mahudhurio, zana zinalingana na seti, na kifo kimetokea kati ya muda wa kuondoka na muda nahodha alipotangaza mwisho. Aliyekufa saa moja baadaye akitafuta nyara peke yake amekufa kwa gharama zake.

Hesabu ya usiku mmoja inakwenda hivi. Walikuja watu 40. Walikufa 14, madai 11 yamekubaliwa, matatu yamekataliwa kwa zana zisizo sahihi. Nyara zimeuzwa silver 16,000,000.

Fidia: 11 × 900,000 = 9,900,000.
Baki: 16,000,000 − 9,900,000 = 6,100,000.
Akiba, asilimia 20 ya baki: 1,220,000.
Mgao: 4,880,000 kwa watu 40, yaani 122,000 kila mmoja.

Fidia itangulie, akiba ifuate, mgao uje mwisho. Mkigawana nyara kwanza, kila mtu anaondoka na tabasamu na waliokufa wanabaki wakingoja hazina isiyo na kitu.

Usiku ambao nyara ni 5,000,000 tu, upungufu ni 4,900,000 na unatoka kwenye akiba. Kwa hiyo akiba iwe na uwezo wa kubeba vita viwili vya kufa wote: 40 × 900,000 × 2 = 72,000,000. Ikishuka chini ya nusu, yaani 36,000,000, kusiwe na vita ya hiari. Lindeni tu mlicho nacho.

Lipeni kwa zana, msilipe kwa silver. Ukimpa mtu 900,000 mkononi, keshokutwa amenunua kitu cha kuchimbia madini, na kwenye mbiu anakuja akiomba aazimwe. Seti kumi za akiba kwa kila nafasi, zikiwa zimekaa sandukuni, humrudisha mtu uwanjani usiku uleule. Foleni ya malipo ianze na ngao na waganga. Hao hufa mapema kwa niaba ya wengine, na wakichoka hakuna wa kuwabadili.

Saa: UTC au msiite mbiu

Seva ya Ulaya ya Albion ilifunguliwa 2024, na wachezaji wengi wa Afrika Mashariki na Ghuba wako huko au kwenye ile ya zamani ya Amerika. Saa ya mchezo ni UTC, saa ya pamoja ya dunia. Tatizo la kwetu ni kwamba Waswahili tuna saa yetu.

Ukitangaza "saa tatu usiku", Dar es Salaam, Nairobi na Kampala wanaelewa 21:00, ambayo ni 18:00 UTC. Dakika hiyohiyo Goma, Lubumbashi, Kigali na Bujumbura ni saa mbili usiku. Muscat ni saa nne usiku. London ni 18:00 majira ya baridi na 19:00 majira ya joto. Toronto ni mchana, 13:00 au 14:00. Na kijana aliyekulia Minneapolis, Kiswahili chake ni cha nyumbani lakini saa yake ni ya shuleni: ukimwambia "saa tatu" yeye anasoma 3:00.

Kwa hiyo mbiu iandikwe kwa tarakimu za saa 24 na neno UTC, pamoja na alama ya muda ya Discord, programu ya maongezi wanayotumia wachezaji. Alama hiyo huandikwa t:1768500000:F ndani ya mabano ya pembe, na kila msomaji huiona kwa saa ya simu yake. Hiyo ya mfano ni Alhamisi 15 Januari 2026, 18:00 UTC. Mbiu nzima isizidi hivi:

"Wakuu, MBIU. Alhamisi 15/01, kuondoka 18:00 UTC. Kukusanyika 17:30 UTC, maficho ya gildi B. Seti namba 2. Kila mtu aje na seti mbili na chakula. Nahodha: gildi A. Msaidizi: gildi C. Lengo litatajwa mkiwa njiani."

Marekani na Kanada hubadili saa Jumapili ya pili ya Machi na ya kwanza ya Novemba. Ulaya hubadili Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba. Wiki hizo katikati, tuma ukumbusho mara mbili. Kila mwaka kuna gildi inayofika saa moja baada ya eneo kuchukuliwa.

Sauti vitani

Nahodha mmoja, msaidizi mmoja, wengine kimya. Msaidizi atoke gildi nyingine na awe nyumba yenye umeme wa njia nyingine. Kanuni: nahodha akinyamaza sekunde 15, msaidizi anasema "nashika mimi" na anashika, bila kuuliza.

Amri ziwe maneno machache yasiyofanana hata yakikatika: ingia, rudi, tawanyika, simama, ponya. Epukeni "kaa", maana mmoja anaelewa abaki hapo na mwingine anangoja sentensi iendelee. Epukeni pia pande nne za dunia. Mtandao ukiwa dhaifu, mashariki na magharibi zote hufika kama "ma…", na kaskazini na kusini zote huishia "…ini". Tumieni juu, chini, kushoto na kulia ya skrini, kisha alama ya ramani ikazie.

Mkiwa na Wakenya, Watanzania na Wakongo kwenye chaneli moja, fanyeni zoezi la dakika kumi la amri tupu kabla ya vita ya kwanza. Lafudhi haiui mtu. Kinachoua ni kutozizoea.

Ruhusa, na kwa nini ziogopwe

EVE Online ni mchezo wa anga za juu, lakini ndiko kuna mafunzo ya wazi zaidi. Februari 2009 Band of Brothers, muungano uliokuwa miongoni mwa wenye nguvu kuliko yote humo, ulivunjwa bila risasi: ofisa mmoja aligeuka upande na kubonyeza kitufe alichokuwa na ruhusa halali ya kukibonyeza. Januari 2014 malipo ya umiliki wa B-R5RB, mfumo wa nyota ndani ya mchezo huo, hayakulipwa. Adui aliona, akaingia, na mapigano ya takriban saa 21 yaliteketeza meli 75 za daraja la titan, kubwa kuliko zote. Kisa cha kwanza ni ruhusa nyingi mno kwa mtu mmoja. Cha pili ni jukumu ambalo hakuna aliyehakikisha limetimizwa.

Andikeni orodha ya vitufe vinavyoweza kuwaua: kufukuza gildi, kuvunja muungano, kufungua masanduku, kufuta seva ya Discord, kulipia na kulisha majengo. Mbele ya kila kitufe wekeni jina la mwenye nacho na jina la anayemkagua. Kitufe chenye majina zaidi ya matatu kipunguzwe. Kitufe chenye jina moja tu, la mtu asiyeonekana tangu mwezi jana, kishughulikiwe leo.

Kwenye Discord, ruhusa ya msimamizi mkuu iwe kwa watu wawili basi. Washeni sharti la uthibitisho wa hatua mbili kwa maofisa wote. Kumbukumbu ya matendo ya seva hukaa siku 45 tu, kwa hiyo mkishuku kitu, pigeni picha mapema. Kila gildi iongeze na kuondoa watu wake yenyewe, na kila mwanzo wa mwezi linganisheni wenye nembo ya muungano Discord na waliomo kwenye gildi ndani ya mchezo. Mtu aliyefukuzwa gildi lakini bado anasoma chaneli ya mbiu si lazima awe jasusi. Lakini jasusi huanzia hapohapo.

Chukulieni kwamba jasusi yupo tayari. Muda wa mbiu kila mtu aujue. Lengo wajue nahodha na msaidizi hadi kundi liondoke. Mkihisi siri inavuja, pelekeni kila gildi mahali tofauti pa kukusanyikia mara moja, muone adui anatokea wapi.

Majirani

Mkataba wa kutoshambuliana uandikwe mistari mitano: ramani zinazohusika, gildi zinazofungwa, tarehe ya mwisho, fidia ya aliyeuawa kwa bahati mbaya, na notisi ya saa 48 kabla ya kuuvunja. Usio na tarehe ya mwisho huvunjwa kwa aibu. Fidia ya bahati mbaya ilipwe ndani ya saa 24 na bila maelezo marefu. Anayelipa haraka haulizwi maswali.

Gildi inapoondoka

Itaondoka tu, mapema au baadaye, na namna inavyoondoka ndiyo inayoamua kama mtakutana tena kama majirani. Notisi ni siku saba. Wakati huo kura yake inasimama, lakini madai yake ya fidia yaliyokwisha kubaliwa yanalipwa yote. Mgao wake wa akiba ni michango yake ya wiki nne za mwisho, ukitoa fidia iliyopokea katika wiki hizo. Ikitokea hasi, haidaiwi.

Siku ya saba, fuateni mpangilio huu. Kwanza lipeni mgao na muweke picha. Pili, kama ilikuwa mtunza fungu, fungu lihamishwe na lihesabiwe na watu wawili. Tatu, ondoeni nembo zao Discord, mkianza na chaneli ya mbiu na mkimaliza na ile ya maongezi ya kawaida. Nne, badilisheni mahali pa kukusanyika na saa za ulinzi mnazoweza kubadili. Mwisho kabisa ndipo mtu mwenye kitufe aiondoe gildi kwenye muungano, maana baada ya hapo wanaweza kuwapiga, na sekunde chache baadaye huenda wakajaribu.